Tiki Tatu za Wino wa Bluu

Fomu ya maabara ilikuwa na visanduku thelathini na viwili, na daktari alikuwa ameweka tiki kwenye kimoja tu. Mzee Hadubini aliigeuza akidhani labda kuna kingine upande wa nyuma. Hakukuwa na kitu. Akaigeuza tena, akavaa miwani, akaisoma kutoka juu hadi chini taratibu. Homoni inayoamsha tezi ya shingo, tiki moja ya wino mweusi. Basi.

"Kimoja," alimwambia mkewe. "Wamesoma miaka yote hiyo, wanaomba kimoja."

Mkewe hakumsikia. Alikuwa amesinzia kwenye benchi la korido, saa nne ya asubuhi yenye jua kali, sweta zito juu ya gauni, mkoba amepakata. Mwaka wa pili sasa alikuwa hivyo. Alisinzia akichambua mchele, alisinzia akisubiri maji yachemke, na akiamka husikia baridi ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeisikia. Shingo ilikuwa imejaa kidogo mbele, mahali ambapo zamani mkufu ulikaa vizuri. Na sauti ilikuwa imeharibika. Hilo ndilo lililomuuma mumewe kuliko yote, kwa kuwa mtu anayeitwa Mama Simu hapaswi kuwa na sauti ya mkwaruzo.

Jina hilo lilitoka kwenye kituo cha simu, enzi zile simu zinaunganishwa kwa mkono. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu mia mbili, waya kila kidole, na mji mzima ukamjua kwa maneno matatu, namba ngapi tafadhali. Mumewe alikuwa kijana wa maabara wakati huo. Alikuwa akipiga kutoka hospitalini kuomba namba ambazo hazipo, ili mradi asikie ile sauti. Siku ya tisa au ya kumi akajibiwa, "Namba hiyo haipo, na wewe unajua haipo. Unatoka kazini saa ngapi?" Hata sasa, akikumbuka, masikio yanapata moto.

Yeye naye aliitwa Hadubini na manesi, kwa sababu miaka thelathini na mmoja aliinamia hadubini katika hospitali hiyohiyo, kabla haijapakwa rangi ya kijani na kupata wenye mali wapya. Maabara ya enzi hizo ilikuwa na sheria moja aliyoikuta, akaitunza, akaifundisha kwa kila aliyeletwa chini yake: mgonjwa hachomwi mara mbili. Daktari akiomba kipimo kimoja, na wewe kwa uzoefu wako ukaona kesho atarudishwa kwa kingine, unaongeza tiki yako mwenyewe na kufanya vyote kwa damu ileile. Madaktari walijua. Walikuja mlangoni kushukuru. Mgonjwa hakulipa chochote zaidi ya ule mshipa.

Kwa hiyo alichokifanya pale koridoni hakukiona kuwa kosa, na nataka msomaji amwelewe kabla hajamhukumu. Alitoa kalamu ya bluu mfukoni mwa shati, akaweka fomu juu ya goti, na chini ya neno kingamwili akaweka tiki tatu, moja kwa kila aina iliyoandikwa. Tiki zake zilikuwa na mkia mrefu unaopinda juu. Halafu akamwamsha mkewe kwa kumgusa bega, wakaenda dirishani.

Aliyepokea fomu alikuwa mkuu wa maabara mwenyewe, mama wa makamo aliyekuwa mwanafunzi wake zamani. Alimwamkia, "Shikamoo, mwalimu," akaitazama karatasi, akatabasamu kidogo, akafunga mkanda wa mpira kwenye mkono wa Mama Simu. Alijaza kichupa kimoja. Kilitosha kwa vyote.

*

Siku kumi na mbili baadaye walikaa mbele ya daktari, binti mdogo mwenye macho ya kuchoka na foleni ya watu thelathini nje. Alisoma majibu kwa kidole. Homoni imepanda, alisema, ila imepanda kidogo. Halafu kidole kikasimama. Akauliza kama ni yeye mwenyewe aliyeomba na hivi vingine. Mzee Hadubini akaangalia kalenda ya ukutani kwa makini sana, ingawa ilikuwa ya mwaka uliopita. Mtu akagonga mlango, daktari akaendelea.

Aliwaeleza vizuri, lazima tuseme haki. Mwili una walinzi wake wa kupigana na magonjwa, ndizo kingamwili. Za Mama Simu zimeigeukia tezi yake mwenyewe na kuila kidogo kidogo, na tezi ndiyo inayoupa mwili moto na mwendo. Ndiyo maana ya baridi, usingizi, sauti. Kuna kidonge, kimoja kila asubuhi kabla ya kula, maisha yake yote. Ila kwa umri wake na mapigo ya moyo yaliyopungua kasi, moyo upimwe kwanza, waanze na dozi ndogo, na damu irudiwe kila baada ya wiki sita mpaka dozi ikae sawa.

"Nitaamka?" Mama Simu aliuliza.

"Utaamka, mama. Si kesho, lakini utaamka."

Walitoka wameshikana mikono, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya hadharani tangu binti yao aanze shule. Mzee alikuwa akihesabu kimoyomoyo. Wiki sita, wiki kumi na mbili, ifikapo mwisho wa mwaka nyumba itakuwa na kelele tena. Kwenye dirisha la kupima moyo wakatoa kadi ya bima. Binti wa dirishani akaipitisha kwenye mashine, akaipitisha tena, akaifuta kwa pindo la nguo na kujaribu mara ya tatu.

"Kadi imefungwa," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa foleni. "Imeandikwa udanganyifu, inachunguzwa. Mwone karani wa madai, dirisha la tano. Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa jirani yao wa mtaa wa tatu. Akawasalimu kwa heshima kubwa mno, ile inayopewa watu waliopatikana na aibu.

Dirisha la tano halikuwa na siri. Karani, kijana nadhifu wa tai na sauti ya taratibu, aliwaambia kwamba dai limerudishwa na bima. Vipimo vimefanyika vinne, sababu imeandikwa kwa kimoja. Kingamwili zile tatu peke yake zina bei mara sita ya kile kipimo cha homoni. Wino ni wa aina mbili. Bima inataka kujua nani aliongeza, na mpaka wajibiwe, kadi zote za familia zimefungwa. Maabara nayo imeandikiwa barua ya kujieleza.

"Labda daktari alibadilisha kalamu," Mama Simu alisema, akijaribu kusaidia.

Mumewe alikuwa amesimama hapo hapo. Ilikuwa sentensi moja tu ya kusema. Aliifikisha mpaka mdomoni, akaimeza.

*

Bima ilikuwa ya binti yao. Alikuwa akisoma mita katika kampuni ya maji, na kampuni ndiyo iliyomkatia bima, yeye na wazazi wake. Jioni ile aliingia na viatu vyake vya kazi hadi sebuleni, akaweka mkoba mezani kwa kishindo, akasema alijua tu siku moja watafika huku. Ameitwa na mkuu wake wa kazi. Ameulizwa mbele ya wenzake kama familia yake inaghushi karatasi.

"Mimi kila siku nagombezwa kwa bili nisizozitengeneza mimi," alisema. "Bili iliyopandishwa naijua kwa harufu. Hawa watu wa maabara wameongeza vipimo wale hela, wamebanwa, sasa wanatusukumia sisi."

Alikuwa ameshaanza kuiandika barua ya malalamiko kwenye simu. Akawasomea. Ilikuwa kali na imeandikwa vizuri, na ilimtaja mkuu wa maabara kwa cheo chake, ikitaka asimamishwe kazi.

Mama Simu alijiinua kwenye kochi. Ilimchukua muda. "Yule mtoto hawezi kuiba," alisema kwa ile sauti ya mkwaruzo. "Mwaka mzima wa mafunzo alikula chakula cha mchana humu ndani. Alikuwa anaosha sahani bila kuambiwa."

"Watu wanabadilika, mama."

"Baba," Mama Simu akamgeukia mumewe, "wewe unamjua zaidi. Anaweza?"

Mzee Hadubini alisema mambo ya hospitali ni marefu, hiyo barua isitumwe kwanza, asubuhi ana maswali atakwenda kuuliza. Alisema pia ameona mapazia yanahitaji kufuliwa. Wanawake wawili wakamtazama. Hajawahi maishani mwake kuyaona mapazia.

Tusimpambe. Alikuwa anaogopa. Mtu aliyeheshimiwa miaka thelathini na mmoja kwa kutokosea hesabu ya chembe za damu alikuwa anaona haya kusema kwamba amechezea fomu ya daktari kama mtoto wa shule anayejiongezea maksi. Na kulikuwa na jingine chini ya hilo. Mkewe ndiye mtu pekee aliyebaki duniani aliyekuwa akiwaambia wageni, huyu mzee wangu alikuwa bora kuliko mashine. Siku hizi hata hilo alilisema huku anasinzia, lakini alilisema.

*

Asubuhi aliingia maabara kwa mlango wa nyuma, ule wa wafanyakazi. Alitarajia harufu ya spiriti na ya mkaa wa sterilaiza, lile jiko la kuchemshia vyombo, lakini haikuwepo. Benchi lake la mbao chini ya dirisha lilikuwa limeondolewa. Mahali pake palikuwa na mashine nyeupe yenye ukubwa wa kabati la nguo, inameza vichupa upande mmoja na kutoa karatasi upande wa pili. Alisimama mbele yake kwa muda, mikono nyuma. Zamani hapa palikuwa na redio ndogo, na saa saba mtu mmoja alitumwa chai, na ukitaka kuuliza jambo uligeuza shingo tu.

Mkuu wa maabara alimkaribisha kiti. Barua ya kujieleza ilikuwa mezani, na chini yake jibu lake alilokwisha kuliandika kwa mkono. Alimpa alisome. Lilisema kwamba yeye, kwa uzembe, aliisoma fomu vibaya na kufanya vipimo ambavyo havikuombwa.

"Lakini hukuisoma vibaya," mzee alisema.

"Ule mkia wa tiki naujua, mwalimu. Nimeufuata miaka sita."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza vipi? Wewe ndiye uliyenifundisha nisikuulize."

Alisema bila lawama, na hapo ndipo lilipomchoma. Akaendelea kwa upole kumweleza mambo yalivyo sasa. Zamani kipimo kilikuwa dawa kidogo ya kuchanganya na muda wa mtu. Sasa kila kisanduku kina namba, kila namba ina bei, na kila bei inataka sababu iliyoandikwa na daktari siku ileile. Mtu akiongeza tiki, hata ya huruma, ni pesa inayotoka mfukoni mwa mtu ambaye hakuulizwa. Alisema yeye mwenyewe alisita kabla ya kuweka kile kichupa kwenye mashine. Halafu akaona sweta la Mama Simu, kwenye joto lile, akakiweka.

"Wakikufukuza?"

"Watoto wangu wamekua. Nitafungua genge la mboga."

Alicheka, mzee hakucheka. Alilichukua lile jibu, akalikunja mara nne, akalitia mfukoni mwa shati nyuma ya kalamu. Akapiga moyo konde na kupanda ngazi kwenda dirisha la tano.

*

"Ni mimi," alimwambia karani.

Kijana hakuelewa. Ikabidi aseme tena, mbele ya mwanamke aliyekuja kulipia kitanda na mzee mwenzake aliyekuwa anatafuta choo. Yeye ndiye aliyeongeza tiki tatu, kwa kalamu hii, bila daktari wala mkewe kujua. Maabara ilifanya kwa sababu iliziamini tiki zake. Karani alimwingiza ndani, akafunga dirisha, na kwa adabu yote akampa karatasi nyeupe aandike maelezo. Halafu akamwomba aweke tiki kumi mfululizo chini ya maelezo, kwa ajili ya kulinganisha.

Mzee Hadubini akaweka tiki kumi. Zote zilitoka na ule mkia. Karani alizitazama, akazilinganisha na fomu, akazidi kuinamisha kichwa. Akasema taratibu kwamba bibi yake pia ana goita ya shingo, na haya mambo si yeye anayeyapanga.

Daktari aliitwa. Aliingia na kikombe cha chai mkononi, akasimuliwa, akamwangalia yule mzee kwa muda. Swali la bima lilikuwa moja, kama yeye mwenyewe angeviomba vile vipimo. Angeweza kusema ndiyo, yakaisha. Hakusema hivyo.

"Viwili, hapana," alisema. "Havikuwa na kazi kwa mgonjwa huyu. Kimoja, ndiyo, lakini ningekiomba baada ya kuona homoni, si kabla. Kwa namba ile peke yake ningemwambia arudi baada ya miezi mitatu. Kile kipimo ndicho kilichoniambia nisisubiri." Akachukua fomu ya bima, akaandika sababu hiyo kwa mistari miwili, akaweka tarehe ya siku ile, hakuirudisha nyuma hata siku moja.

Mzee Hadubini, aliyekuwa amekaa kama mshtakiwa, akasahau alipo. Aliuliza kingamwili zitarudiwa lini, ili waone zinashuka kwa kiasi gani. Alisema angependa kuchora mchoro.

"Hazirudiwi, mzee. Zikishaonekana zimeonekana, na hata zikishuka au zikipanda dozi haibadiliki. Nitafuata homoni, na nitamuuliza yeye mwenyewe anavyojisikia."

Maisha yake yote mzee huyu aliamini kwamba kitu kikipimika lazima kipimwe tena. Aliitikia kwa kichwa, lakini kwa shingo upande.

Karani alipiga simu bima, akasikiliza kwa muda mrefu, akaandika. Aliporudi kwao alisoma alichoandika bila kuinua macho. Bima italipa homoni na kingamwili ya aina moja. Mbili zilizobaki atalipa mwenyewe, na hizo zilikuwa pensheni yake ya mwezi na nusu. Maabara itapewa onyo la maandishi, hakuna anayefukuzwa. Kadi ya binti yake na ya mkewe zinafunguliwa leo. Ila kanuni inasema anayebadilisha fomu anaondolewa kwenye bima kwa miaka miwili, na hapo haina msamaha.

"Wewe mzee unatumia dawa yoyote?" karani aliuliza.

Alitumia vidonge vya presha, viwili kwa siku, mwaka wa saba. "Vitu vidogo vidogo tu," alisema, akavuta karatasi na kusaini. Daktari alikuwa ameshatoka kurudi kwenye foleni yake.

Alipofika nyumbani alimwambia mkewe kwamba kosa lilikuwa la karatasi na limerekebishwa. Binti akafuta barua yake ya malalamiko. Mama Simu akapimwa moyo, akaanza nusu kidonge.

*

Wiki zilizofuata alimwangalia mkewe namna alivyokuwa akiangalia chungu cha maji ya sterilaiza. Wiki ya pili hakuna kitu. Wiki ya nne alimkuta jikoni akipika bila kiti. Wiki ya sita damu ilirudiwa, kisanduku kimoja, daktari akaongeza dozi kidogo, na njiani wakirudi Mama Simu alisimama katikati ya barabara akavua sweta, akalifunga kiunoni kama msichana. Alisema watu wa mtaa huu wanavaa nguo nzito mno.

Mzee alikuwa na furaha ambayo hakuwa na wa kumgawia. Aliitembeza peke yake kwenye matembezi ya asubuhi, akikumbuka hili na lile. Alikumbuka nyumba yao ya kwanza, chumba kimoja, ambapo mkewe akirudi zamu ya usiku alikuwa akimwigizia wateja wote kwa sauti zao: mwenye duka anayepiga kelele kana kwamba simu haina waya, mchumba anayelia, mkuu wa polisi anayeuliza saa. Enzi hizo yeye alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Siku hizi matembezi yalikuwa yakimchosha upesi, na kichwa kilimgonga kisogoni. Vidonge vya presha alikuwa akivinunua kwa fedha taslimu, na ili vifike mwisho wa mwezi alikuwa ameamua kumeza siku moja na kuruka moja. Alijiambia ni jambo la muda.

Barua ya bima ilifika mwezi wa tatu tangu Mama Simu aanze dawa, kazini kwa binti yao. Alikuja nayo mchana, hajavua hata kofia ya jua. Hakufoka. Alikaa mezani mkabala na wazazi wake, akaisoma yote kwa sauti, pamoja na ile aya inayoanza na maneno kwa kukiri kwake mwenyewe. Alipofika kwenye miaka miwili akapasoma tena.

"Baba," alisema. "Nilikuwa nataka kumfukuzisha kazi yule mama wa watu, na wewe umekaa unanitazama."

Mzee alijibu kwamba ni kweli, na kwamba anaona haya. Aliwaomba radhi wote wawili. Binti aliinuka akaenda kusimama uani.

Mama Simu alikuwa amebaki ameshika kingo za meza. Akamuuliza mumewe polepole kwa nini alifanya vile, zile tiki.

"Nilitaka urudi," alisema. "Walikuwa wamekupa kisanduku kimoja. Niliona hakikutoshi."

Mkewe aliivuta ile barua kwake. Kisha akauliza, "Vidonge vya presha unanunua na nini?"

"Ninajipanga."

"Unajipanga vipi? Umemeza leo?"

"Leo ni siku ya kuruka."

Mke akasimama. Hakushika kiti, alisimama kwa mara moja. Na sauti iliyotoka ilikuwa na mkwaruzo pembeni bado, lakini katikati yake ilikuwa safi na imenyooka, sauti inayoweza kupita kwenye waya maili mia tatu na kufika. Binti aliisikia kutoka uani akageuka.

"Nimelala miaka miwili tu, ndiyo mkaanza kuiendesha nyumba hii bila kuniuliza? Wewe unasaini karatasi, huyu anaandika mashtaka, mimi nafunikwa shuka naambiwa kosa la karatasi. Siku ya kuruka. Nani amekuambia moyo nao unaruka siku? Miaka thelathini na mmoja hospitalini, hicho ndicho ulichojifunza?"

"Mama, nilikuwa..."

"Sijamaliza. Pensheni yangu ya simu inanunua vidonge vyako kuanzia leo, na hilo siyo ombi. Yule mtoto wa maabara anakuja kula hapa Jumapili, na wewe utaosha sahani. Ulitaka nirudi, nimerudi. Nirudi nimkute nani, kama wewe unakwenda?"

Hapo sauti ilimvunjikia, na safari hii haikuwa tezi. Mzee Hadubini alitaka kumshika mkono, lakini mkewe alikuwa ameshaingia chumbani. Zilisikika droo mbili zikifunguliwa na kufungwa. Alirudi na pakiti ya vidonge na kikombe cha maji, akaviweka mbele yake, akasimama kando akiwa amekunja mikono.

Alimeza. Mkewe hakuondoka. Kwa hiyo akafungua mdomo, akainua ulimi, akamwonyesha kwamba hakuna kilichobaki, na akabaki hivyo, mdomo wazi na machozi yakimtiririka, mpaka mkewe aliporidhika.